Kabla ya Kununua Bomba la Kupandisha Maji: Tuliyojifunza Goba

Kina cha Mto Ruvu kiliposhuka mwishoni mwa 2022 na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji, sisi wa kaya nane za kilimani huku Goba tulianza kuzungumza kwa uzito juu ya kisima cha pamoja. Mazungumzo yalichukua muda mrefu, kama yalivyo mambo yote ya michango, lakini hatimaye mzee mmoja mwenye kiwanja bondeni alikubali kisima kichimbwe kwake, kibali kikatoka, maji yakapatikana, na juu kilimani tukasimamisha mnara wa chuma wa mita 5 wenye tangi la lita 10,000. Kazi iliyobaki ilionekana ndogo: kununua pampu, kulaza bomba na kuwasha umeme. Ni katika kazi hiyo iliyoonekana ndogo ndipo fedha zetu zilipopotea, na ninaandika haya ili kikundi kingine kilicho katika hatua hiyo kisitoe michango mara mbili kwa bomba moja.

Nilikabidhiwa uhazini wa kikundi baada ya mfumo wa kwanza kuwa umeshafungwa na umeshatukatisha tamaa. Pampu ilichaguliwa dukani kwa kusoma kibati chake, kilichoandikwa kuwa inasukuma hadi mita 70 kwenda juu na hadi mita za ujazo 6 kwa saa. Wanakikundi walifanya hesabu ya haraka kwamba tangi la lita 10,000 litajaa kwa muda usiofika saa mbili, wakaridhika. Bomba lilichaguliwa kwa bei. Ni bomba jeusi la plastiki la HDPE lenye mstari wa buluu, la milimita 25, lile ambalo wengi hulinunua wakisema ni robo tatu. Lilitoka kwenye pampu ndani ya kisima hadi mdomo wa tangi, jumla ya mita 340. Fundi alifanya kazi safi ya mikono, na katika muda wote huo sikuona kiungo hata kimoja kikivuja. Hata hivyo tangi lilijaa kwa zaidi ya saa nane, na siku umeme ulipokatika katikati halikujaa kabisa.

Ni vigumu kueleza namna jambo kama hili linavyoharibu ujirani. Watu waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi walianza kuulizana risiti. Akina mama waliochangia kwa fedha za vikoba walirudi kununua maji ya boza, huku wakiona mnara wao ukiwa umesimama juu ya mapaa. Mwenyekiti alitaka fundi aitwe alipe. Wengine walisema pampu ni feki. Wengine tena wakaja na pendekezo lililopata kuungwa mkono na wengi, yaani tununue pampu kubwa zaidi, ya mita 120, kwa shilingi 2,400,000, fedha ambazo kikundi hakikuwa nazo. Mimi kama mhazini nilitakiwa kuandaa orodha ya mchango mpya, na moyo wangu ulikataa kuwaendea majirani kabla ya kujua kwa hakika ni nini kilichokuwa kikituzuia.

Nilimwomba msaada kijana wa jirani yangu aliyesoma Chuo cha Maji hapa Dar es Salaam. Alifika jioni, akaamkia, na kabla hajauliza lolote kuhusu pampu aliomba ndoo ya lita 20. Tulipanda naye kwenye mnara, akaweka ndoo chini ya mdomo wa bomba na kuhesabu muda kwa simu. Ndoo ilijaa kwa dakika moja kamili. Hiyo ni lita 20 kwa dakika, sawa na mita za ujazo 1.2 kwa saa, wakati kibati kilisema 6.

“Shida ni pampu, mwanangu?” nilimuuliza.

“Sijui bado, mama. Tuiulize geji kwanza.”

Geji ya presha ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote tulivyowahi kununua, na ningeshauri kila mfumo uwe nayo tangu siku ya kwanza. Aliifunga kwenye bomba pale linapotoka kisimani. Pampu ikiwa imezimwa, na bomba likiwa bado limejaa maji kwa sababu ya valvu isiyoruhusu maji kurudi, geji ilisoma bar 2.65. Kila bar 1 ni sawa na kimo cha maji cha karibu mita 10.2, kwa hiyo usomaji huo ulikuwa ni uzito wa maji ya mita 27 yaliyosimama juu yake: mita 22 za mlima na mita 5 za mnara. Kisha pampu ikawashwa, na mshale ukapanda hadi bar 4.6 na kutulia hapo. Tofauti yake ni karibu bar 2, yaani kimo cha mita 20, na mlima haukuwa umeongezeka. Mita hizo 20 zililiwa na msuguano wa maji dhidi ya bomba, katika mita 300 tu zilizo nje ya kisima, na kwa mtiririko mdogo wa ndoo moja kwa dakika. Siku ile nilielewa kwamba tulikuwa tunapandisha maji milima miwili, na mmoja wao tulikuwa tumeununua dukani wenyewe.

Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya vipimo na hesabu, na nitaieleza kwa kirefu kwa sababu mtu yeyote anayeweza kutumia kikokotoo cha simu anaweza kuifanya.

Kwanza ni kimo halisi, kuanzia uso wa maji kisimani wakati pampu inafanya kazi hadi mdomo wa tangi. Neno “wakati pampu inafanya kazi” lina uzito wake, kwa kuwa maji ya kisima chetu yakiwa yametulia yako mita 11 chini ya ardhi, lakini pampu ikivuta kwa saa kadhaa hushuka hadi mita 18. Mlima tuliupima kwa mpira mwembamba unaoonekana ndani, uliojazwa maji, ule ambao mafundi ujenzi hutumia kupimia levo. Mtu mmoja anasimama chini na mwingine juu, mnasoma tofauti, mnahama, mnajumlisha. Ilituchukua asubuhi nzima, na ulikuwa uamuzi mzuri, maana programu ya simu ilikuwa imetupa jibu lililopishana na letu kwa mita nyingi. Jumla ilikuwa mita 18 za kisima, 22 za mlima na 5 za mnara, yaani mita 45. Hizi hazipungui kwa bomba la aina yoyote.

Pili ni mtiririko mnaouhitaji, na hapa inafaa kuwa wakweli. Tulikubaliana kwamba tangi lijae kwa saa tatu na ushee, ili hata siku za umeme wa kukatika-katika tupate maji. Hiyo ni mita za ujazo 3 kwa saa.

Tatu ni kipenyo cha ndani cha bomba, na katika hesabu yote hii hakuna namba nyingine inayostahili uangalifu kama hiyo. Mabomba ya HDPE hupewa jina kwa kipenyo cha nje. Letu la milimita 25, daraja la PN16 (yaani la kubeba presha hadi bar 16), lina ukuta wa milimita 2.3 kila upande, kwa hiyo njia ya maji ni milimita 20.4 tu. Mabomba ya PPR ya ndani ya nyumba yana tofauti kubwa zaidi: la milimita 25 daraja la PN20 lina ukuta wa milimita 4.2, na maji hupita kwenye uwazi wa milimita 16.6. Mtu akiingiza 25 kwenye hesabu mahali pa 20.4, jibu la msuguano linatoka chini ya nusu ya ukweli.

Kanuni tuliyoitumia ni ya Darcy na Weisbach, iliyotokana na kazi za Mjerumani Julius Weisbach mwaka 1845 na za Mfaransa Henry Darcy, mhandisi aliyewaletea maji watu wa mji wa Dijon. Huandikwa hivi:

h = f × (L ÷ D) × (v² ÷ 2g)

Herufi h ni kimo kinachopotea kwa mita, L ni urefu wa bomba, D ni kipenyo cha ndani, v ni kasi ya maji, g ni 9.81, na f ni kipimo cha msuguano. Vipimo vyote lazima viwe vya mita na sekunde; milimita zigeuzwe kuwa mita na saa ziwe sekunde kabla ya kuanza, kwa sababu makosa mengi huingia hapo.

Kwa bomba letu, mita za ujazo 3 kwa saa ni 0.000833 kwa sekunde. Eneo la uwazi wa milimita 20.4 ni mita za mraba 0.000327, hivyo kasi ni mita 2.55 kwa sekunde. Ili kupata f tunatafuta kwanza namba ya Reynolds, iliyopewa jina la Osborne Reynolds aliyeonyesha huko Manchester mwaka 1883, kwa kuingiza uzi wa rangi kwenye bomba la kioo, namna maji yanavyotoka kwenye utulivu na kuingia kwenye msukosuko. Namba hiyo ni kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato wa maji, yaani kipimo cha jinsi maji yanavyosita kutiririka. Ikiwa chini ya 2,000 hivi, maji yanakwenda kwa utulivu. Ikizidi 4,000, yanajipindapinda. Yetu ilikuwa kama 61,000, yaani msukosuko mtupu, na ndivyo ilivyo karibu katika kila bomba la kupandisha maji. Kwa bomba laini la plastiki katika hali hiyo, f hupatikana kwa kugawanya 0.316 kwa mzizi wa mraba wa namba ya Reynolds uliochukuliwa mara mbili, yaani unabonyeza alama ya mzizi mara mbili kisha unagawanya. Jibu letu lilikuwa 0.0201.

L gawanya kwa D ni 340 kwa 0.0204, yaani 16,667. Kasi kwa kipeo cha pili, gawanya kwa 19.62, ni 0.331. Zidisha vyote vitatu: mita 111.

Nilimwomba kijana arudie. Alirudia kwa njia nyingine, ile ya Hazen na Williams ambayo wahandisi wa maji huitumia kwa maji peke yake, na akapata mita 115. Njia mbili tofauti zilikuwa zinasema neno moja. Ili kupata maji tuliyoyataka kupitia bomba lile, pampu ilipaswa kusukuma mita 45 za kimo na mita 111 za msuguano, jumla 156. Pampu ya mita 120 iliyopendekezwa kwa shilingi 2,400,000 isingefika. Kwa makadirio yetu ingetupa kama mita za ujazo 2 kwa saa, na zaidi ya nusu ya nguvu yake ya kusukuma ingeishia kwenye kuta za bomba. Na kama tungepata pampu ya mita 156, bomba la chini lingekuwa linabeba presha ya kukaribia kikomo chake cha bar 16 kila siku.

Kisha tukafanya hesabu hiyohiyo kwa mabomba mapana zaidi ya daraja lilelile. La milimita 32, lenye uwazi wa milimita 26, lilipoteza mita 35. La milimita 40 lilipoteza mita 12. La milimita 50 lilipoteza mita 4. Nilitazama namba hizo kwa muda mrefu. Kwa mtiririko uleule na urefu uleule, kutoka milimita 25 hadi 40 msuguano ulishuka kutoka 111 hadi 12. Sababu yake ni kwamba ukipanua njia, kasi inapungua kwa mraba wa kipenyo, na upotevu unafuata mraba wa kasi hiyo, kisha kuna kipenyo kingine chini ya L. Ukivikusanya, upotevu unafuata kipenyo kwa karibu kipeo cha tano. Ndiyo maana milimita chache za upana zina thamani kuliko nguvu ya injini yoyote utakayoifunga chini. Vitu vingine tulivyovihangaikia havikuwa na uzito huo. Kwa mfano, maji ya Dar es Salaam yana joto, na mnato wake ni mdogo kuliko wa maji ya nyuzi 20 yaliyo kwenye majedwali ya vitabu, lakini kosa hilo hubadilisha jibu kwa asilimia 4 hivi. Kosa la milimita moja kwenye kipenyo cha bomba letu lingelibadilisha kwa karibu robo.

Jambo jingine lililotuokolea fedha ni daraja la bomba. Dukani tuliambiwa kwamba PN16 ndilo imara, na hilo ni kweli, lakini pampu yetu hata ikifungiwa maji kabisa haizidi mita 70, yaani bar 7 hivi. Bomba la PN10 linaibeba kwa nafasi ya kutosha. Tena, ukuta wake ni mwembamba, kwa hiyo la milimita 40 la PN10 lina uwazi wa milimita 35.2 badala ya 32.6, na msuguano wake ni mita 8 tu. Lilikuwa rahisi kwa bei na pana kwa ndani. La milimita 50 tuliliacha, kwa kuwa fedha za ziada zingetununulia mita chache tu ambazo hatukuzihitaji.

Tuliongeza upotevu wa viungo, yaani kona, valvu, mwingilio na mdomo wa bomba. Kwa kasi isiyofika mita 1 kwa sekunde ulikuwa karibu nusu mita, na sikuona sababu ya kuuhangaikia. Mwenye bomba fupi ndani ya nyumba lenye kona nyingi asiupuuze.

Kisha tukarudi kwenye pampu. Kijana aliniomba nikatafute dukani mchoro wa pampu yetu, ule unaoonyesha mtiririko kwa kila kimo, na nilipoupata nilielewa kibati kilivyowapotosha majirani zangu bila kusema uongo. Mita 70 ni wakati pampu haitoi tone. Mita za ujazo 6 ni wakati haipandishi karibu chochote. Kati ya hapo, kwa mita za ujazo 3, mchoro ulisema mita 58. Mfumo mpya ulihitaji 45 na 8 na nusu, yaani mita 53 na nusu. Pampu tuliyokuwa tunataka kuitupa ilikuwa inatosha na kubaki.

Kuwaeleza wanakikundi haikuwa rahisi. Mzee mwenye kiwanja alisikiliza hadi mwisho, akauliza: “Kwa hiyo mama, unataka tufukue mtaro tulioufukia juzi?” Nilimjibu kwamba ndiyo, na nikawaonyesha geji ikipanda pampu inapowashwa. Namba kwenye karatasi ziliwashawishi wachache. Mshale uliwashawishi wengi. Bomba jipya, viungo na vibarua wa mtaro vilitugharimu shilingi 1,800,000. Kikundi kilikuwa na 1,300,000, na zilizobaki tulichangishana kwa awamu. Inaniuma hadi leo kwamba, kama bomba hilo lingenunuliwa tangu mwanzo, bei yake isingefika hata mara mbili ya bei ya lile la kwanza, na mtaro ungechimbwa mara moja.

Katika kulaza upya tulisawazisha mahali ambapo mtaro wa zamani ulikuwa na nundu, kwa kuwa hewa hukusanyika sehemu iliyoinuka na kubana njia ya maji, na hesabu zote hizi hudhani kwamba bomba limejaa maji. Pale ambapo mwamba ulitulazimisha kubakiza mwinuko tulifunga valvu ya kutoa hewa.

Pampu ilipowashwa, ndoo ilijaa kwa sekunde 22. Tangi linajaa kwa saa tatu, na yuniti za LUKU kwa kila tangi zimepungua kwa takribani nusu. Geji ya kisimani sasa inasoma bar 3.5 badala ya 4.6, jambo lililowashangaza wengi, kwani walizoea kuamini kwamba presha kubwa pampuni ni dalili ya maji mengi. Presha ile ya juu ilikuwa ya maji yaliyozuiwa.

Bomba la zamani hatukulitupa. Tulilikata vipande vya kupeleka maji kutoka tangini kwenda nyumbani kwa kila mmoja, baada ya kulikokotoa pia: kwa mita 60 na lita 12 kwa dakika linapoteza kimo cha mita 1.6, ambacho nyumba za mteremkoni hazikihisi. Nyumba mbili zilizo usawa wa kitako cha mnara zina mita 5 tu za kuanzia, yaani nusu bar, na kwao mita 1.6 ni nyingi; hizo tulizipa bomba la milimita 32.

Kila mwezi ninaandika daftarini muda wa ndoo na usomaji wa geji. Ndoo ikichelewa na geji ikiwa imepanda, kuna kizuizi mbele, labda valvu imefungwa nusu au uchafu umekaa. Ndoo ikichelewa na geji ikiwa imeshuka, maji yanavuja njiani au pampu imechoka, na kabla ya kumwita fundi tunapita kwanza na tochi kwenye mtaro kutafuta udongo uliolowa.